Viza inauliza: unakwenda kufanya nini?



Juma lililopita, baada ya mkutano wa akiba, mama mmoja wa kikundi alituita pembeni. Binti yake anaishi Ufaransa, anangoja mtoto wa kwanza, na anataka mama yake aende kumsaidia. Akatuuliza kwa sauti ya chini: "Ninyi mulimpeleka Mama wenu Ulaya. Mulipitia kwa nani?"

Tulimjibu kwamba mara ya kwanza tulipitia kwa mtu, na Mama akakataliwa. Mara ya pili hatukupitia kwa mtu, na Mama akaenda. Tuliona kwamba hakutusadiki. Ndiyo sababu tumeamua kuandika habari yote hapa, pamoja na ile sehemu inayotutia haya.

Tuko mabinti wanne. Watatu tunaishi hapa Bukavu. Wa mwisho ameolewa Liège, Ubelgiji. Mwezi wa kwanza wa 2023 alitupigia simu: ana mimba, atazaa katikati ya mwezi wa saba. Wote tunajua desturi yetu. Binti akipata uzazi wa kwanza, mama yake anakuja. Anamkanda kwa maji ya moto, anampikia uji, anamshika mtoto usiku ili mzazi alale kidogo. Kule Liège mdogo wetu hakuwa na mtu wa kumfanyia hayo. Shemeji anafanya kazi za zamu, mara mchana, mara usiku. "Munitumie Mama," alituambia, "hata miezi miwili tu."

Mama alikuwa na miaka 61. Anauza sambaza zilizokaushwa kwenye soko la Kadutu, na kwa meza hiyo alitusomesha sisi wote baada ya Baba kufariki. Hakuwa amepanda ndege hata siku moja. Tulifurahi, tukamtafutia pasporti, kisha tukaanza kuuliza watu namna ya kupata viza. Hapo ndipo tulipopotea.

Kila mtu alikuwa na shauri lake. Binamu mmoja alisema: "Chukueni viza yoyote, hata ya nchi nyingine, akifika mtajipanga." Halafu tukaletwa kwa bwana mmoja anayejulikana kwa kutengeneza dosie. Alitusikiliza, akatikisa kichwa. "Mkiandika kwamba anakwenda kwa binti yake aliyezaa, watafikiri anakwenda kubaki. Andikeni kwamba ni mfanyabiashara mkubwa, anakwenda kutembelea mji siku kumi na tano." Aliomba dola 400. Kwa pesa hizo akatoa karatasi ya hoteli ya Brussels, na barua ya kampuni fulani iliyosema Mama ni mkuu wa mauzo.

Mama hasomi Kifaransa vizuri. Alitia sahihi pale tulipomwonyesha. Sisi tulisoma, tulielewa, tukanyamaza. Sisi tunaosimamia mitihani na kuwanyang'anya watoto vikaratasi vya kunakili, tulinyamaza.

Mwezi wa nne Mama alipanda boti mpaka Goma, kisha ndege mpaka Kinshasa, akalala kwa jamaa. Kwenye ofisi ya viza walimchukua alama za vidole na foto, wakapokea ada, ambayo wakati huo ilikuwa euro 80. Kisha wakamuuliza kwa heshima: "Mama, hoteli yako iko upande gani wa mji? Utatembelea nini?" Mama alinyamaza. Wakamuuliza: "Una mtoto Ubelgiji?" Mama, ambaye hajazoea uongo, akajibu: "Ndiyo, binti yangu wa mwisho."

Jibu lilikuja baada ya juma tatu. Lilikuwa karatasi yenye orodha ya sababu, na mbele ya sababu mbili walikuwa wametia alama. Ya kwanza ilisema kwamba lengo la safari na namna ya kukaa kule havikuthibitishwa. Ya pili ilisema kwamba kuna shaka juu ya nia yake ya kuondoka mwisho wa viza. Ada hairudishwi. Dola 400 hazikurudi pia, na yule bwana hakushika tena simu yetu.

Mama aliporudi hakutukemea. Aliketi, akavua viatu, akasema: "Wanangu, waliniuliza ninakwenda kufanya nini. Mbona hamkuniacha niseme?"

Neno hilo lilituchoma. Kila siku shuleni tunawaambia watoto: soma swali kwanza, kisha jibu swali uliloulizwa, usijibu lile unalofikiri mwalimu analipenda. Viza nayo ni swali. Tuliacha swali, tukakimbilia jibu la mtu mwingine. Wazee wamesema njia ya mwongo ni fupi. Yetu iliishia kwenye dirisha la ofisi.

Basi tukaanza upya. Safari hii hatukuuliza watu wa barabarani. Tulisoma masharti yenyewe, yale yanayotolewa na serikali ya Ubelgiji, neno kwa neno, na penye Kifaransa kigumu tulimweleza Mama kwa Kiswahili. Haya ndiyo tuliyoyaelewa.

Ubelgiji, Ufaransa na nchi nyingine nyingi za Ulaya zina mapatano yanayoitwa Schengen. Viza zao ziko za aina mbili kubwa. Ya kwanza ni aina C, viza ya kukaa muda mfupi. Inaruhusu siku zisizopita 90 ndani ya kila siku 180. Ni kwa ajili ya kutembelea jamaa, kutalii, mkutano, biashara fupi, au matibabu mafupi. Ya pili ni aina D, ya kukaa zaidi ya siku 90: kusoma, kufanya kazi, au kuhamia kwa mume au mke. Hiyo kila nchi inaitoa kwa sheria zake, na dosie yake ni nyingine kabisa.

Mama hakuwa anahama. Hakuwa anatafuta kazi. Alikuwa anakwenda kusaidia mzazi miezi miwili na kurudi. Kwa hiyo viza yake ni C, na sababu yake ni kutembelea jamaa. Hiyo ndiyo ilikuwa viza yake tangu siku ya kwanza, na iliandikwa wazi kwenye fomu, mahali pa kutia alama tu. Tuliiruka kwa sababu mtu alituambia kwamba ukweli haufai.

Tulielewa pia kwamba ombi linapelekwa kwa nchi ambako mtu atakaa hasa. Kuomba kwa nchi nyingine kwa kufikiri kwamba kule ni rahisi ni kuanza safari kwa mguu mbaya. Na viza C haimpi mtu haki ya kufanya kazi. Anayekwenda nayo akiwa na nia ya "kujipanga" anajifungia mlango yeye mwenyewe, na mara nyingi anawafungia na jamaa watakaoomba baada yake.

Dosie ya kutembelea jamaa ina pande mbili. Upande wa kwanza ni wa yule anayealika. Mdogo wetu na shemeji walikwenda kwenye komini yao ya Liège na karatasi ya dhamana, ile inayoitwa prise en charge. Kwa Ubelgiji namba yake ni 3bis. Anayeitia sahihi lazima awe raia wa Ubelgiji au mtu mwenye ruhusa ya kukaa bila kikomo, na awe na mapato ya kutosha. Shemeji alitoa karatasi za mshahara za miezi mitatu. Wamama, waelezeni watoto wenu walio kule kwamba hiyo si barua ya mapenzi tu. Anayetia sahihi anachukua jukumu la gharama za kukaa, za matibabu na za kurudi za mgeni wake, na jukumu hilo linadumu miaka miwili. Shemeji aliisoma mara mbili kabla ya kukamata kalamu, na alifanya vema. Ufaransa ina karatasi yake, attestation d'accueil, ambayo mwenyeji anaiomba kwenye ofisi ya meya wa pahali anapokaa.

Upande wa pili ni wa yule anayesafiri. Pasporti lazima iwe haijapita miaka kumi tangu itolewe, iwe na kurasa mbili nyeupe, na ibaki na nguvu angalau miezi mitatu baada ya siku ya kutoka Ulaya. Lazima bima ya safari inayolipa matibabu mpaka euro 30.000. Lazima karatasi ya kuonyesha ujamaa. Hapo tulipata shida ya herufi moja: kwenye cheti cha kuzaliwa cha mdogo wetu jina la Mama liliandikwa bila "w", na kwenye pasporti liko na "w". Ilitubidi kwenda komini kuomba karatasi inayosema kwamba majina hayo mawili ni ya mtu mmoja. Herufi moja ilikula siku tisa.

Lakini shida kubwa ilikuwa ile shaka ya pili: je, Mama atarudi?

Sisi tulitaka kucheka. Mama asirudi? Ana meza yake sokoni. Ana parseli na nyumba. Analea watoto wawili wa marehemu kaka yetu. Yuko kwenye kikundi cha akiba miaka mingi. Yuko kwenye kwaya. Ana kaburi la Baba. Mambo yanayomvuta nyumbani hayahesabiki. Ndipo tukaketi na kalamu, tukaandika kila jambo, na pembeni tukaandika: karatasi yake iko wapi?

Meza sokoni: hakuna karatasi, vitikiti vya ushuru vinatupwa kila jioni. Parseli: iko kwa jina la Baba. Watoto wawili: risiti za shule ziko kwa majina yetu. Akiba: ndani ya kitabu, lakini kitabu kinalala kwenye sanduku la kikundi. Pesa za samaki: kwenye kitambaa kiunoni.

Wamama, hapo tulinyamaza sana. Mwanamke amefanya kazi miaka arobaini, amejenga, amelea, amesomesha, na kwa macho ya mtu anayesoma karatasi peke yake, hana kitu. Yule bwana wa dosie alimtengenezea kazi ya uongo, na kumbe kazi ya kweli ilikuwapo. Ilikosa karatasi tu.

Tukaanza kukusanya. Mama aliweka vitikiti vya ushuru kila siku ndani ya sasheti. Kiongozi wa soko alimwandikia barua ya kusema ameketi kwenye meza ile miaka mingapi. Mama alichukua patenti ya biashara ndogo, ambayo hakuwa nayo. Mama prezidenti wa kikundi alitoa nakala ya kitabu cha akiba na kuandika barua. Kwa parseli tuliweka karatasi ya Baba pamoja na cheti cha kifo chake na cheti cha ndoa. Kisha mmoja wetu akakumbuka matokeo ya shule ya wale watoto wawili. Tukayatoa: miaka minne ya matokeo, na chini ya kila moja, pahali pa mzazi, sahihi ya Mama, kubwa, yenye kupinda kidogo. Tulizoea kuona sahihi za namna hiyo kila mwisho wa muhula bila kufikiri. Siku hiyo tuliona kwamba ni ushuhuda.

Ilibaki jambo gumu zaidi: kusema nini juu ya dosie ya kwanza. Habari za ombi la viza zinakaa ndani ya mtambo wao mpaka miaka mitano, na kukataliwa kunaonekana kwa nchi zote za Schengen. Mmoja wetu alitaka tukae kimya. Mama alikataa. "Waandikieni nilivyosema mimi," akasema. Alitamka kwa Kiswahili, sisi tukageuza kwa Kifaransa, bila kuongeza. Alisema hivi: mara ya kwanza tulishauriwa vibaya, tukatoa karatasi zisizo za kweli, ninaomba msamaha. Ninauza samaki Kadutu. Ninakwenda kwa binti yangu kumkanda na kuogesha mtoto siku sitini. Wajukuu wangu wawili wanaanza shule mwezi wa tisa, dada zake wanawaangalia, nami nitarudi mwezi wa kumi.

Tuliogopa sana kutia barua hiyo ndani ya dosie. Tulijua inaweza kumhukumu. Lakini ilikuwa kweli yote.

Mama alirudi Kinshasa mwanzoni mwa mwezi wa saba. Sheria inasema jibu linatoka ndani ya siku 15, lakini wakihitaji kuchunguza zaidi wanaweza kufika siku 45. Tulingoja juma tano. Katikati ya kungoja, tarehe 14, mtoto alizaliwa.

Hapo tulilipa deni la uongo wetu. Mdogo wetu alitoka hospitali na kuingia nyumba tupu. Usiku wa tatu alitupigia kwa WhatsApp akilia, mtoto naye analia, shemeji yuko kazini. Mama alichukua simu, akaagiza: "Weka simu pale ninapoona maji. Tia kiwiko. Yanachoma? Ongeza ya baridi. Sasa mkamate shingo." Namna hiyo alimwogesha mjukuu wake wa kwanza wa ng'ambo, kwa simu, akiwa ameketi jikoni kwetu, mikono yake ikishika hewa. Kama tungesema kweli mwezi wa nne, labda mikono hiyo ingekuwa Liège.

Viza ilitoka tarehe 10 mwezi wa nane. Mama alifika wakati mtoto ana juma sita.

Kwa wale watakaopata, someni vizuri kile kibandiko kwenye pasporti. Kuna tarehe mbili, ya kuanza na ya kumaliza, na kuna idadi ya siku. Siku za kukaa ndizo zile za idadi. Viza ya Mama ilikuwa na tarehe zinazopita miezi miwili, lakini idadi iliandikwa 60. Mtu akitazama tarehe peke yake anaweza kupitisha siku bila kujua, na hapo ombi la kesho limeharibika. Tena kwa Ubelgiji, mgeni anayekaa kwa jamaa anakwenda kujiandikisha kwenye komini ndani ya siku tatu za kazi. Shemeji alimpeleka Mama siku ya pili.

Alikaa siku 57. Alirudi mwezi wa kumi kama alivyoandika, na siku ya tatu alikuwa kwenye meza yake Kadutu. Vitikiti vya ushuru havitupi tena. Viko ndani ya sanduku la bati pamoja na pasporti.

Sasa maombi yetu kwenu, hata kwa mama asiyefikiri kusafiri. Usingoje viza ndipo utafute karatasi. Mtoto aliyezaliwa aandikishwe kwenye ofisi ya serikali ndani ya siku 90. Wakati huo ni bure, baada ya hapo ni mambo ya mahakama na gharama. Angalia kama jina lako limeandikwa namna moja kwenye kila cheti. Ndoa iandikishwe, isiishie kanisani na kwa wazee tu. Parseli, uliza iko kwa jina la nani, wakati mume yuko hai na mko na amani. Risiti za shule unazolipa wewe, dai ziandikwe jina lako. Kitabu cha akiba kiwe na nakala nyumbani. Karatasi hizo zitakusaidia kwenye banki, kwenye mahakama, kwenye hospitali, hata kama hutapanda ndege milele.

Na anayetaka kumpeleka mama yake, au kwenda mwenyewe, aanze mapema. Ombi la viza C linapokelewa tangu miezi sita kabla ya safari, na lisipungue siku 15 kabla. Tangu mwezi wa sita 2024 ada imepanda: mtu mkubwa euro 90, mtoto wa miaka 6 mpaka 11 euro 45, chini ya hapo bure. Atakayekataliwa asome ile karatasi ya sababu kabla ya kulia, kwa maana ndiyo inayomwonyesha kilichokosekana. Hakuna anayeweza kuahidi kwamba ukweli utapewa viza. Kuna wenye dosie safi waliokataliwa. Lakini mwenye kusema kweli akiulizwa dirishani, hahitaji kukumbuka maneno ya mtu mwingine.

Siku ya posho ijayo, baada ya akiba, tutabaki saa moja kwenye darasa la mwisho. Yule mama mwenye binti Ufaransa atakuja na karatasi zake. Mwenye swali kama lake aje na zake pia, zote, hata zilizochanika. Tutazisoma pamoja.